Ishirini na Nane: Namba Kamili au Namba Timilifu?

UTANGULIZI

Watafsiri wa vitabu vya hisabati hukutana na kundi dogo la namba ambalo wataalamu wa kale walilipa jina la heshima. Mifano yake ya kwanza ni 6 na 28. Wayunani waliziita namba hizi kwa neno lenye maana ya kitu kilichofika ukomo wake. Wanahisabati walioandika kwa Kiarabu wakaziita tamm, yaani zilizotimia. Na lugha za Ulaya zikafuata njia hiyo hiyo. Mtafsiri wa Kiswahili, akiisha kuona hayo, ni rahisi aandike bila ya kusita: "28 ni namba kamili."

Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini haisemi alichokusudia kukisema. Katika vitabu vya shule vya Tanzania, namba kamili ni jina la namba zote zisizo na sehemu wala desimali, ziwe chanya, ziwe hasi, pamoja na sifuri. Kwa hiyo 27 nayo ni namba kamili, na 29, na hata −5. Msomaji aliyeambiwa kwamba 28 ni namba kamili hajaambiwa kitu.

Madhumuni ya makala haya ni mawili: kwanza, kueleza sifa za namba 28 kwa lugha nyepesi, pili, kupendekeza istilahi zitakazowawezesha walimu na watafsiri kuzitaja sifa hizo bila ya utata. Tumetanguliza sifa kabla ya jina kwa makusudi. Istilahi haiwezi kupimwa na mtu asiyekifahamu kitu kinachotajwa.

VIGAWO VYA 28

Tuanze na maneno mawili yanayochanganywa kila siku, hata katika madaftari ya walimu: kigawo na kigawe. Tofauti yake ni irabu moja tu ya mwisho, lakini irabu hiyo ina kazi. Kiambishi -o aghalabu huonyesha kitu kinachotenda au kinachotumika kutendea: kifuniko hufunika, kizibo huziba. Kiambishi -e huonyesha kilichotendwa: kiumbe ni kilichoumbwa, mtume ni aliyetumwa, mteule ni aliyeteuliwa. Hivyo kigawo ni namba inayogawa nyingine pasipo kubakiza kitu, na kigawe ni namba inayogawiwa. 7 ni kigawo cha 28. 28 ni kigawe cha 7. Mwalimu akiwaeleza wanafunzi wake habari ya kiumbe na kifuniko, hawatayasahau maneno haya.

Vigawo vya 28 ni sita: 1, 2, 4, 7, 14 na 28 yenyewe. Tukiiacha 28 yenyewe, vinabaki vitano. Hivi vilivyobaki, ambavyo ni vidogo kuliko namba yenyewe, tutaviita katika makala haya vigawo vya chini. Sasa tuvijumlishe:

1 + 2 + 4 + 7 + 14 = 28.

Jumla ya vigawo vya chini imeirudia namba ile ile, bila kuzidi wala kupungua. Hii ndiyo sifa iliyoipatia 28 jina lake, nayo ni sifa adimu. Tujaribu namba nyingine tuone. Vigawo vya chini vya 10 ni 1, 2 na 5. Jumla yake ni 8, haifiki 10. Vigawo vya chini vya 12 ni 1, 2, 3, 4 na 6; jumla yake ni 16, imepita 12. Katika namba zote kuanzia 1 hadi 28, zile ambazo jumla hiyo huzipita ni nne tu: 12, 18, 20 na 24. Zinazolingana nayo ni mbili: 6 na 28. Zote zilizobaki hazifikiwi na jumla ya vigawo vyake vya chini.

Mgawanyo huu wa makundi matatu ni wa kale. Nicomachus wa Gerasa, aliyeandika kiasi cha mwaka 100 baada ya Kristo, aliueleza katika kitabu chake cha hesabu, akataja namba nne za kundi la katikati: 6, 28, 496 na 8128.

Sifa hiyo yaweza kuonekana pia kwa njia ya sehemu. Tuseme ipo minazi 28 ya kugawanywa kwa watu watano. Wa kwanza apewe nusu, wa pili robo, wa tatu sehemu moja ya saba, wa nne sehemu moja ya kumi na nne, na wa tano sehemu moja ya ishirini na nane. Watapata minazi 14, 7, 4, 2 na 1. Shamba limekwisha, hakuna mnazi uliokatwa vipande, na hakuna mtu aliyekosa. Kwa maneno mengine:

1/2 + 1/4 + 1/7 + 1/14 + 1/28 = 1.

Mwalimu anayefundisha kujumlisha sehemu zenye asili tofauti hatapata mfano ulio safi kuliko huu.

KWA NINI 28 NA SI 120

Msomaji ataka kujua: je, usawa huu ni bahati, au una sababu? Una sababu, na iliyotajwa mapema kuliko zote imo katika kitabu cha tisa cha kazi ya Euclid, aliyefundisha Aleksandria kiasi cha mwaka 300 kabla ya Kristo. Kanuni yake ni hii. Anza na 1, kisha uongeze maradufu: 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea. Zijumlishe namba hizo hatua kwa hatua. Kila jumla itakapokuwa namba tasa, izidishe kwa namba ya mwisho uliyoijumlisha. Zao lake litakuwa na sifa tunayoitafuta.

Jumla ya 1 na 2 ni 3, nayo ni tasa; 3 × 2 = 6. Jumla ya 1, 2 na 4 ni 7, nayo ni tasa; 7 × 4 = 28. Jumla ya 1, 2, 4 na 8 ni 15. Hii si tasa, kwa kuwa inagawika kwa 3 na kwa 5, hivyo tuiache. Tukiongeza 16 tunapata 31, ambayo ni tasa; 31 × 16 = 496.

Sababu yenyewe si ngumu. Katika 28, vigawo visivyokuwa na 7 ndani yake ni 1, 2 na 4, na jumla yake ni 7. Vigawo vya chini vilivyo na 7 ni 7 na 14, na jumla yake ni 21. 7 na 21 ni 28. Hakuna kigawo kingine popote, kwa kuwa 7 ni tasa na haina cha kuleta zaidi ya yenyewe na 1. Lakini kama mtu angalipuuza sharti la utasa akachukua 15 × 8, angalipata 120. Namba hii imebeba pia vigawo vinavyotokana na 3 na 5, na jumla ya vigawo vyake vya chini ni 240, yaani mara mbili ya namba yenyewe.

Hapa inafaa kusema neno moja juu ya istilahi tasa, ambayo baadhi ya walimu huilalamikia. Katika lugha ya kila siku, tasa ni asiyezaa. Na hapa tumeona jinsi namba tasa 7 ilivyoizaa 28. Je, istilahi imekosea? La. Istilahi ikiisha kukubalika hutawaliwa na fasili yake, si na maana ya neno mitaani. Namba tasa ni namba kubwa kuliko 1 ambayo vigawo vyake ni 1 na yenyewe tu. Hayo yakifahamika, jina limetimiza kazi yake.

SIFA NYINGINE ZA 28

28 ni jumla ya namba za kuhesabia kutoka 1 hadi 7. Ukipanga vijiwe safu kwa safu, kimoja, viwili, vitatu, mpaka saba, utapata pembetatu ya vijiwe 28. Wachezaji wa dhumna wanaijua namba hii kwa mikono yao ingawa huenda hawajaiandika. Kila kete ya dhumna ina pande mbili, na kila upande una idadi ya nukta kutoka sifuri hadi sita. Kete zenye sifuri upande mmoja ni saba. Zenye moja, ukiacha ile iliyokwisha kuhesabiwa, ni sita. Na hivyo hivyo mpaka imebaki kete moja ya sita kwa sita. 7 + 6 + 5 + 4 + 3 + 2 + 1 = 28. Namba zote zinazopatikana kwa kanuni ya Euclid ni za pembetatu namna hii: 6 ni jumla ya 1 hadi 3, na 496 ni jumla ya 1 hadi 31.

28 ni jumla ya namba tasa tano za mwanzo: 2 + 3 + 5 + 7 + 11. Tena ni jumla ya vipeo vya tatu vya witiri mbili za mwanzo, yaani 1 × 1 × 1 na 3 × 3 × 3, kwa kuwa 1 + 27 = 28. Na ikiandikwa katika mfumo wa namba wenye tarakimu mbili tu, 28 huwa 11100: moja tatu zikifuatwa na sifuri mbili. 6 huwa 110, na 496 huwa 111110000. Mpango ni ule ule: moja huzidi sifuri kwa tarakimu moja.

Katika kalenda, 28 huonekana kwa sababu nyingine. Juma lina siku 7, na mwaka mrefu huja kila baada ya miaka 4. Kigawe kidogo cha shirika cha 4 na 7 ni 28. Kwa hiyo tarehe na siku za juma hurudi katika mpango wake wote baada ya miaka 28. Kalenda ya mwaka 1996 yaweza kutumika kwa mwaka 2024 pasipo kubadili hata siku moja. Kanuni hii ni sahihi kwa miaka ya kuanzia 1901 hadi 2099. Haivuki 1900 wala 2100, kwa kuwa miaka hiyo miwili, ingawa inagawika kwa 4, haikuwekwa kuwa mirefu.

Hapana budi kutofautisha. Mzunguko wa kalenda unatokana na 4 × 7, wala hauhusiani na jumla ya vigawo. Kadhalika, herufi za Kiarabu ni 28, na manzili za mwezi katika elimu ya falaki ni 28. Lakini hayo ni mambo ya maandishi na ya nyota. Mwandishi anayeyakusanya yote chini ya neno moja "ukamilifu" anaongeza fumbo mahali palipotakiwa maelezo.

LISILOJULIKANA BADO

Nicomachus alizitazama namba nne alizozijua, akaona moja ina tarakimu moja, ya pili tarakimu mbili, ya tatu tarakimu tatu, ya nne tarakimu nne. Tena zinaishia na 6 na 8 kwa zamu. Akadhani mpango huo utaendelea daima. Haukuendelea. Namba ya tano ni 33,550,336, yenye tarakimu nane. Ya sita ni 8,589,869,056, nayo inaishia na 6 kama ya tano. Mifano minne haikutosha kuwa kanuni.

Katika karne ya 18, Leonhard Euler alithibitisha kwamba kila namba shufwa yenye sifa hii hupatikana kwa kanuni ya Euclid, wala hakuna njia nyingine. Tangu hapo kazi imekuwa kutafuta namba tasa zinazofaa. Mpaka Oktoba 2024 zilikuwa zimejulikana 52 tu. Tasa iliyotangazwa mwezi huo ina tarakimu 41,024,320. Kama orodha hiyo ina mwisho au haina, hakuna aliyethibitisha.

Swali gumu zaidi ni la witiri. Je, ipo namba witiri ambayo jumla ya vigawo vyake vya chini inalingana nayo yenyewe? Haijapatikana hata moja, wala haijathibitishwa kwamba haiwezi kuwapo. Mwaka 2012 Pascal Ochem na Michaël Rao walionyesha kwamba kama ipo, ni kubwa kuliko 1 iliyofuatwa na sifuri 1500.

TATIZO LA NENO KAMILI

Sasa na turudi kwa mtafsiri. Tuchukue sentensi hii, ambayo ni tafsiri ya neno kwa neno ya swali tulilolieleza sasa hivi:

"Hakuna ajuaye kama ipo namba kamili iliyo witiri."

Mwanafunzi wa darasa la sita atacheka. Yeye anazijua nyingi: 1, 3, 5, 7. Swali lililowashinda wataalamu kwa zaidi ya miaka elfu mbili limegeuka kuwa upuuzi kwa kosa la neno moja. Wala mwanafunzi huyo hatasema mtafsiri amekosea. Huenda akasema Kiswahili hakiwezi kueleza hisabati. Hiyo ndiyo hasara tunayoihofia.

Kwa kweli namba kamili imekwisha kubeba maana mbili hata kabla ya hii ya tatu. Mtumishi wa ofisi anapoandika katika fomu, "Taja namba kamili ya hati," anataka tarakimu zote, asiachiwe hata moja. Mwalimu wa hisabati anapoandika, "Jibu liwe namba kamili," anataka jibu lisilo na sehemu. Mazingira huzitenga maana hizo mbili, kwa kuwa ofisi na darasa ni mahali tofauti. Lakini maana ya pili na ya tatu zinakaa darasani pamoja, katika ukurasa mmoja, pengine katika sentensi moja. Hazitengeki.

Yapo maneno kadhaa yanayoweza kufikiriwa badala yake.

(a) Namba kamilifu. Neno hili limetofautiana na kamili kwa silabi moja tu ya mwisho, na sikio la darasani haliwezi kulitegemea. Aidha, ukamilifu umezoeleka katika mambo ya dini na maadili, na huweza kumfanya msomaji adhani namba nyingine zina dosari.

(b) Namba timamu. Neno ni zuri na asili yake ni ile ile ya Kiarabu iliyotoa tamm. Lakini timamu limeambatana mno na akili na afya. Tukisema 28 ni timamu, tutaulizwa 27 imepatwa na nini.

(c) Namba timilifu. Neno hili lina undugu na kitenzi timia. Mwaka umetimia, idadi imetimia: ndiyo maana tunayoitaka, ya jumla iliyofika mahali pake. Tena wanasarufi wamekwisha kulitumia katika hali timilifu, inayoonyeshwa na kiambishi -me-, kwa hiyo si geni kwa mwalimu. Linazaa pia nomino, utimilifu, bila ya taabu.

Tunapendekeza la tatu.

Kwa makundi mawili yaliyobaki, pungufu ni neno lililo tayari. Kwa upande wa pili, namba ya ziada haifai, kwa kuwa humaanisha namba iliyoongezwa juu ya idadi iliyotakiwa. Tunapendekeza zidifu, kutoka kitenzi zidi, kwa mfano wa tii na tiifu, haribu na haribifu. Hivyo yatapatikana majina matatu ya umbo moja: pungufu, timilifu, zidifu. Mwanafunzi akilishika moja, ameyashika yote.

Kuhusu vigawo vya chini, baadhi ya watu watapenda kusema vigawo halisi. Tunashauri waache. Namba halisi ni istilahi iliyokwisha kupewa kazi, nayo inazijumlisha namba za sehemu na za desimali zisizo na mwisho. Kulitumia neno halisi kwa maana nyingine katika somo lile lile ni kurudia kosa la kamili.

ISTILAHI ZINAZOPENDEKEZWA

Kigawo cha chini: kigawo cha namba kilicho kidogo kuliko namba yenyewe. Mfano: 14 ni kigawo cha chini cha 28.

Namba timilifu: namba ya kuhesabia inayolingana na jumla ya vigawo vyake vya chini. Mfano: 6, 28, 496.

Namba pungufu: namba ya kuhesabia iliyo kubwa kuliko jumla ya vigawo vyake vya chini. Mfano: 8, 10, na namba tasa zote.

Namba zidifu: namba ya kuhesabia iliyo ndogo kuliko jumla ya vigawo vyake vya chini. Mfano: 12, 18, 20. Witiri ya kwanza katika kundi hili ni 945.

Namba rafiki: namba mbili tofauti ambazo kila moja ni jumla ya vigawo vya chini vya mwenziwe. Mfano: 220 na 284. Thabit ibn Qurra, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9, alitoa kanuni ya kupata baadhi ya jozi hizo, na jina lake kwa Kiarabu lina maana ya kupendana.

HITIMISHO

Hayo ni mapendekezo, si maamuzi. Istilahi huwa sanifu inapotumiwa na wengi kwa maana moja, na wengi hao ni wasomaji wa kurasa hizi. Mwalimu atakayeyajaribu maneno haya mbele ya darasa atatambua upesi kuliko ofisi yoyote kama yanashika au hayashiki. Tungependa kujua hasa kama zidifu linatamkika na kueleweka, na kama wenzetu wa Kenya, ambao wengi wao huandika nambari mahali tunapoandika namba, wana neno jingine lililokwisha kuzoeleka.

Kwa sasa tunawaomba watafsiri jambo moja. Pale neno kamili linapowajia kalamuni katika habari za namba, na wajiulize kwanza kama sentensi itabaki na maana ikiwa msomaji ataielewa kama alivyofundishwa shuleni. Ikiwa haitabaki na maana, wachague neno jingine na waliwekee fasili mara ya kwanza linapotokea. Fasili ya mstari mmoja inatosha: 28 ni timilifu kwa kuwa 1, 2, 4, 7 na 14 vikijumlishwa ni 28.